Meli Zilizopeana Mgongo

Mtaani kwao hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Anaitwa Kidevu Juu. Ana miaka hamsini na miwili, na kwa miaka kumi na tisa amekuwa akipiga picha za pasipoti na vitambulisho katika chumba chenye kiti kimoja, taa mbili, na kitambaa cheupe kilichobanwa ukutani kwa vibanio vya nguo. Kila anayekikalia kile kiti huambiwa maneno yaleyale: kidevu juu, tazama hapa, usicheke. Wanafunzi wakipita mlangoni humwigiza kwa ile sauti yake kavu, naye huwaacha. Jina limeshaganda, na yeye hana muda wa kubandua majina.

Kile chumba ndicho kinachomlisha. Kazi anayoipenda ni nyingine, na sitakuzungusha: huyu mama alipiga picha za bahari wakati wa mapambazuko vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua, akaporwa, akalipiza. Wapo wanaosema alivuka mpaka. Hao wenyewe hawajawahi kuporwa kitu kikubwa kuliko mwavuli.

Enzi hizo alikuwa anaamka saa kumi alfajiri, siku tatu au nne kwa wiki, anavaa suruali kuukuu iliyokatwa magotini na viatu vya mpira. Mumewe, karani wa shule ya msingi, mtu mrefu, mpole, asiyejua kugombana hata na kuku, alimbebea stendi ya kamera begani na chupa ya chai mkononi. Wanashuka ngazi za ukuta wa bahari kwa tochi. Wakifika chini, mume anatafuta jiwe kavu, anakaa, anamimina chai kwenye kifuniko chekundu cha ile chupa na kusubiri. Hakuwahi kubonyeza kamera hata mara moja. Alikuwa anasema, "Nikibonyeza mimi, jua litaghairi." Basi anabonyeza mke, na mume anashika chai.

Asiyejua hii kazi hudhani bahari inajipamba yenyewe, kwamba wewe unafika, unabonyeza, unarudi nyumbani na maajabu. Si hivyo. Picha mbichi, ile inayotoka kwenye kamera kabla haijaguswa, ni kitu cha kutia huruma. Ukipima mwanga wa anga, mawe yanakuwa meusi tii. Ukipima wa mawe, anga inaungua na kubaki nyeupe kama karatasi. Kwa hiyo Kidevu Juu alikuwa anapiga tatu bila kutikisa stendi, moja ya anga, moja ya maji, moja ya mawe, kisha anaziunganisha kwenye kompyuta yake chakavu, anapunguza ukungu hapa, anaongeza giza kule, anauvuta ule wekundu mwembamba wa ukingoni mpaka uonekane kama alivyouona yeye akiwa amesimama majini. Picha moja iliweza kumlia siku nne. Mume akipita nyuma yake na sahani ya kuosha, alikuwa anasimama, anatazama, anasema, "Hapo sasa," na kuendelea na vyombo vyake.

Alikuwa na mwiko mmoja. Hakuchukua anga ya siku nyingine akaibandika juu ya bahari ya leo. Wenye studio wengi walifanya hivyo bila aibu, naye aliwaita wauza mawingu. "Bahari ina ratiba yake," alikuwa anasema. "Mwezi ukiwa hivi, maji yanakuwa vile. Ukiidanganya, wanaoijua watakucheka." Hayo maneno yaweke kando, tutayahitaji.

Mume aliugua kifua. Siku kumi na moja tu, akafa.

Wiki ya tatu baada ya mazishi akaja shemeji, mdogo wa marehemu. Huyu ni mshereheshaji. Harusi, mahafali, uzinduzi wa duka, palipo na kipaza sauti na yeye yupo, suti inang'aa, utani umejaa mdomoni. Jua likichomoza amewahi kuliona pale tu alipokuwa anarudi nyumbani kulala. Alisema amekuja kuchukua vitu vya kaka kwa ajili ya mama. Akachukua saa, koti, redio, na kile kiboksi cheusi kilichokaa kando ya kompyuta, diski yenye mapambazuko ya miaka tisa. Kompyuta yenyewe ilikuwa haina nafasi ya kutosha hata picha za wiki moja. Kila kitu kilikaa kwenye kile kiboksi. Kidevu Juu alikuwa chumbani amejilaza, hana nguvu ya kuuliza nani anafungua kabati gani. Alipokuja kustuka, kiboksi hakipo.

Alimpigia simu.

"Picha zipi, shemeji?" akajibiwa. "Za kaka? Hizo ni za familia sasa."

Miezi miwili baadaye hazikuwa za familia tena, na wala hazikuwa za kaka. Gazeti lilitoa nusu ukurasa: Mfalme wa Mapambazuko. Mshereheshaji amesimama ufukweni saa za mchana, kamera shingoni, anatazama mbali kwa uchungu wa msanii. Kifuniko cha lenzi hakijatolewa. Kidevu Juu alilisoma lile gazeti amesimama, mteja akiwa kitini kidevu kiko juu, na mteja aliposema shingo inamuuma ndipo alipokumbuka kubonyeza.

Alijaribu njia za watu wastaarabu. Alikwenda gazetini, mhariri, mtu wa heshima, akamuuliza kama ana ushahidi, na ushahidi ndio ulikuwa kwenye kiboksi. Akaenda kwa mama mkwe. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, akapangusa miwani, akasema, "Mwanangu mmoja yuko kaburini. Unataka unizikie na wa pili?"

Lakini lililomchoma kuliko hayo lilitokea mezani, hapohapo kwa mama mkwe, Jumapili moja familia yote ikila. Mgeni mmoja, akiwa anamsifu mshereheshaji, alimgeukia Kidevu Juu na kumuuliza kwa adabu kama na yeye aliwahi kufuatana nao huko baharini. Kabla hajafungua mdomo, shemeji akadaka.

"Huyu? Shemeji alikuwa anatubebea chai," akasema. Akangoja kidogo, kama wanavyojua kungoja watu wa kazi yake. "Na yenyewe haina sukari."

Meza nzima ikaangua kicheko. Mama mkwe alicheka mpaka akafuta macho. Na Kidevu Juu naye akacheka, kwa sababu wote walikuwa wanamtazama na hakujua uso wake auweke wapi. Diski angeweza kumsamehe, labda. Gazeti, labda. Kile kicheko chake mwenyewe, alichokitoa ili asionekane mkorofi, hakuweza kukimeza. Alikwenda nacho nyumbani, akalala nacho, akaamka nacho mwaka mzima.

Basi bandari ikajenga ukumbi mpya. Mkuu wa bandari alitaka ukuta mmoja uwe na picha saba za mapambazuko ya hapohapo, kila moja pana kama mlango, na nani mwingine wa kuitwa kama si Mfalme? Mfalme alikubali kwa sauti nene. Akafika nyumbani, akafungua kiboksi, na ndipo kazi ilipomkamata shati. Picha zilizokwisha kutengenezwa zilikuwa ndogo, za kutazama kwenye simu; ukizikuza zinakuwa madoa. Kubwa zilikuwa zile mbichi, nyeusi huku, nyeupe kule, tatu tatu, na hajui hata kwa nini ni tatu. Alizipeleka kwa mtu wa matangazo aliyezikoroga akamtolea jua lenye rangi ya dawa ya kikohozi.

Ndiyo maana Jumanne moja saa sita mchana alisimama kwenye mlango wa studio, kiboksi kikiwa kwenye mfuko wa plastiki.

"Shemeji, za siku nyingi."

"Nzuri. Kaa."

Kiti ni kimoja, akakikalia. Kidogo Kidevu Juu amwambie, kidevu juu.

"Wewe si unajuajua mambo ya kompyuta," akaanza. "Kuna hizi picha. Zinataka kunyooshwa kidogo tu. Rangi rangi."

"Picha zipi?"

"Hizi zangu. Yaani, hizi za familia."

"Unazitaka lini?"

Alikuwa amekuja na maneno ya kumbembeleza saa nzima, na hakuna hata moja lililohitajika. Akababaika. "Wiki mbili zinatosha? Halafu nitakutaja, shemeji. Kwenye shukrani nitakutaja."

"Usijisumbue," akasema Kidevu Juu, na kupokea mfuko.

Jioni ile dada yake, muuguzi, alipita kumjulia hali akaukuta mfuko mezani. Alipoelezwa, aliketi chini taratibu.

"Mungu amekurudishia mkononi," akasema. "Si umeniambia kila picha mbichi inabeba tarehe, saa, na namba ya kamera iliyoipiga? Kamera ile pale kabatini. Risiti ina jina lako. Toa nakala leo, kesho nenda kwa mkuu wa bandari. Ijumaa jina lako liko ukutani."

"Ndiyo," akasema Kidevu Juu.

"Basi nini?"

"Nikienda hivyo, najua litakavyokwisha. Mkuu atamwita. Yeye atasema ni kutoelewana kwa kifamilia, ataomba radhi kwa ile sauti yake, watu watampenda zaidi. Mama atalia. Nitaambiwa nisamehe, nitasamehe mbele za watu, tutakunywa soda. Jumapili inayofuata atakuwa na utani mpya."

"Lakini utakuwa na jina lako."

"Sitaki jina. Nataka achekwe."

Dada yake alimjua tangu wakigawana kitanda, na alielewa mara moja mkono wake unaelekea wapi. "Ukiziharibu, hutaweza tena kusema ni zako," akasema. "Ukisema ni zako, na uharibifu ni wako. Utakuwa umejifungia nje mwenyewe."

"Najua."

Alitoa nakala, maana si mjinga, akaifungia kwenye droo chini ya karatasi za wateja. Kisha akaanza kazi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akawa muuza mawingu.

Alianza na maboya. Kwenye mlango wa bandari yao kuna maboya mawili, jekundu upande wa kushoto wa meli inayoingia, la kijani upande wa kulia, na nahodha yeyote akiyachanganya hayo atapanda mwambani. Aliyabadilisha rangi, kila moja akalivika ya mwenzake. Picha ya pili ilikuwa na meli mbili zimetia nanga zikisubiri kuingia. Meli zikitia nanga mahali pamoja hugeuzwa na mkondo, zote zinatazama upande mmoja kama watu kwenye foleni. Aliichukua moja akaigeuza, zikapeana mgongo. Ya tatu ilikuwa mwamba mrefu umekauka, maji yako mbali, na juu yake akaweka mwezi mwembamba kama ukucha, ule unaotokea alfajiri siku moja kabla ya mwezi kuisha. Siku kama hiyo, pwani ile, alfajiri maji bado yamejaa na mwamba huuoni. Hukauka saa nne. Ya nne alilichomozesha jua nyuma ya mnara wa taa, kaskazini, mahali ambapo jua halijafika tangu dunia iumbwe. Ya tano, bendera ya mnara inapepea kulia na moshi wa meli unakwenda kushoto. Ya sita akatia mawimbi ya dhoruba ndani ya gati, nyuma ya ukuta uliojengwa kwa kazi moja tu, kuyazuia.

Na zote zilikuwa nzuri. Hili lazima lisemwe. Hakuwahi kutengeneza anga kama zile. Mkono wake ulikuwa mwepesi, chuki ilimpa subira ambayo mapenzi hayakuwahi kumpa. Aliunganisha ncha ya kila wimbi. Alirekebisha mwanga wa mwezi kwenye kila jiwe lenye maji. Mtu wa kawaida angesimama mbele ya zile picha akashika kifua. Ni mtu anayeishi kwa ratiba ya maji tu ambaye angesimama, akainamisha kichwa, na kuanza kutabasamu. Kidevu Juu alikula vizuri wiki zile, akalala vizuri, na mara mbili alijikuta anaimba.

Ya saba ndiyo iliyomshinda.

Ilikuwa picha ya asubuhi ya mwisho kwenda pamoja na mumewe. Wimbi linapasukia jiwe la mwisho, jua liko nyuma yake, maji yote yamewaka kwa ndani. Haiwezi kupigwa kutoka nchi kavu. Alikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni, na mumewe, aliyeogopa maji maisha yake yote, ameingia nyuma yake na kumshika mkanda wa suruali kwa mikono miwili asichukuliwe. Chupa ya chai aliiacha kwenye jiwe. Wimbi lililotangulia liliikomba. Pembeni mwa ile picha, chini kabisa, kuna alama ndogo nyekundu. Ni kifuniko kinaelea. Mumewe alicheka njia nzima kurudi, nguo zinachuruzika, akisema kuanzia leo watakunywa kwa viganja.

Aliileta kwenye kioo cha kompyuta mara nne akiwa na mwezi wa uongo tayari mkononi. Mara nne akaufuta. Mwishowe aliisafisha kama alivyosafisha zote za zamani, kwa haki, ila kile chekundu ambacho siku nyingine angekitoa, alikiacha.

Shemeji alipokuja kuzichukua alizipitia haraka haraka, akapiga mluzi. "Shemeji, umejitahidi," akasema. Alizitazama zote saba asione kitu. Kidevu Juu alimfungulia mlango.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa. Walikuwepo wakubwa wa ofisi, wake zao, watu wa gazeti, mama mkwe safu ya mbele, na nyuma kabisa, wamesimama na mashati yao meupe kwa kuwa ni watu wasiopenda viti, marubani wa bandari, wale wanaopanda meli za kigeni nje huko na kuziingiza ndani. Kidevu Juu alikaa safu ya tatu na dada yake. Mshereheshaji alishika kipaza sauti chake mwenyewe, maana alijisherehesha mwenyewe. Alisimulia alivyokuwa anaamka usiku wa manane, alivyopigana na baridi, alivyolia siku moja kwa uzuri wa jua. Kisha akamwona.

"Na shemeji yangu yupo pale," akasema. "Simama shemeji wakuone. Huyu alikuwa anatubebea chai." Akangoja. "Na yenyewe haina sukari."

Ukumbi ukacheka. Kidevu Juu alisimama, akainamisha kichwa kidogo, akaketi. Furaha iliyokuwa inampanda ilimtisha hata yeye mwenyewe.

Pazia likavutwa. Watu wakapiga makofi, wanawake wakasema ah, mkuu wa bandari akatikisa kichwa kwa kuridhika. Makofi yakaisha. Na katika ule ukimya mdogo unaofuata makofi, nyuma ya ukumbi mtu mmoja akakohoa kicheko.

Alikuwa rubani mzee kuliko wenzake, mwenye mvi na sauti ya upole. Akaja mbele taratibu, mikono nyuma, akasimama kwenye ile ya meli mbili.

"Ndugu yangu," akasema, "hizi meli zimegombana?"

Mshereheshaji akacheka naye, kama anavyocheka na kila mtu. "Kwa nini mzee?"

"Naona zimepeana mgongo. Mkondo wa siku hiyo ulikuwa unakwenda pande zote mbili?"

Marubani wakacheka. Walikuwa wameshasogea wote sasa, wamejipanga mbele ya ukuta, na kila mmoja kapata yake. Mmoja aliuliza kama bandari imebadilisha maboya bila kuwaambia, maana jana ameingiza meli. Mwingine akaita wenzake waje waone jua limepotea njia. "Mwezi huu na mwamba huu," mwingine akasema, "hawajawahi kukutana tangu nizaliwe." Aliyefika kwenye ya dhoruba ndani ya gati alimshika mwenzake bega tu, machozi ya kicheko yanamtoka. Wakubwa walioelezwa wakaanza kucheka kwa kuchelewa, wake zao wakawafuata, na mtu wa gazeti akatoa kalamu. Kicheko kilizunguka ukumbi, kikaenda, kikarudi, na katikati yake alisimama mtu aliyechekesha watu miaka ishirini, hajui mikono aiweke wapi. Alicheka na yeye. Kidevu Juu aliuona ule uso na kuutambua. Ulikuwa uso wake, wa Jumapili ile.

"Ni sanaa," mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti. "Msanii ana uhuru."

"Sawa," akasema rubani mzee. Alikuwa amefika kwenye ya saba na hakuwa anacheka tena. Aliisogelea, akarudi nyuma, akaisogelea. "Lakini hii si sanaa ya uhuru. Hii ni kweli tupu. Hili jiwe nalipita kila siku. Hii ulisimama wapi?"

"Pale juu ya ukuta."

"Kutoka ukutani jiwe linaonekana mgongo. Huyu aliyepiga hapa alikuwa majini mpaka kiunoni." Akainama. "Na hiki chekundu ni nini?"

"Ni boya," akasema mshereheshaji. "Boya dogo."

Hapo hata mkuu wa bandari alicheka. Jasho lilikuwa limepita kola ya ile suti. Mshereheshaji akageuka, akatafuta safu ya tatu, na macho yake yakamkuta shemeji yake. Akashuka na kipaza sauti mkononi, akainama karibu naye.

"Shemeji, nisaidie," akanong'ona, na kipaza sauti kikapeleka ule mnong'ono ukumbi mzima. "Wewe ulikuwepo. Waambie."

Watu wakageuka wote. Rubani mzee alimtazama kwa heshima, kama mtu aliyeanza kuhisi jambo. "Mama," akasema, "hii aliipiga nani?"

Jina lake lilikuwa pale pale, kwenye ulimi. Ushahidi ulikuwa kwenye droo, mwendo wa robo saa kwa miguu. Dada yake alimfinya paja, akamaanisha sema. Kidevu Juu aliitazama ile picha, kifuniko chekundu kinaelea pembeni. Akazitazama sita zilizokuwa kando yake, za mkono uleule. Kisha akamtazama shemeji yake, ambaye kwa mara ya kwanza tangu wajuane alikuwa anangoja neno lake. Akaushika ule mkono wenye kipaza sauti, akausogeza mdomoni.

"Sijui, baba," akasema. "Mimi nilikuwa nabeba chai tu." Akangoja, kama alivyofundishwa na mwenye kazi. "Na yenyewe haina sukari."

Ukumbi ukapasuka. Katikati ya ule mlipuko shemeji yake aliacha kupepesa macho. Alizitazama picha, akamtazama yeye, akazitazama tena picha, na alielewa yote, moja baada ya nyingine, mpaka ya saba. Angesema nini? Kwamba aliyezipiga ndiye aliyeziharibu?

Zile sita zilishushwa wiki ileile. Mshereheshaji aliendelea na harusi mbili tatu, lakini kila aliposhika kipaza sauti kulikuwa na mmoja nyuma wa kuuliza leo jua limetokea wapi. Akahamia mji mwingine. Mama mkwe hajamsemesha Kidevu Juu mpaka leo. Alimwelewa siku ileile, akiwa safu ya mbele. Ya saba marubani walikataa isishushwe. Kibao chenye jina la Mfalme kilifunguliwa skrubu, kikawekwa kingine: Mpiga picha hajulikani.

Ukimuuliza kama anajuta, Kidevu Juu anasema hapana, na hasemi uongo. Bado anakwenda baharini, stendi begani, chai mkononi, vyote mwenyewe.

Ila kila mwaka bandari inamwita kupiga picha za vitambulisho vya wafanyakazi wapya, na inampa ule ukumbi kwa sababu una mwanga. Anabana kitambaa chake cheupe kwenye ukuta unaoielekea ile picha, anaweka kiti, anasimama na kamera. Anayekaa hapo humtazama yeye, na nyuma ya bega lake huliona lile wimbi. Karibu wote husahau walichokuja kufanya.

"Mama," wanauliza, "ile picha alipiga nani?"

"Kidevu juu," anasema. "Tazama hapa."